Dola 2,500 kwa jina la domeni: vipimo vitatu vya bei, na kipi cha kuaminiwa

Tuchukue mfano wa fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Anataka jina la domeni, yaani anwani ya tovuti, linaloanza na "samani" na kuishia na jina la jiji, kwenye .com. Akiliandika kwenye simu anakuta ukurasa mtupu wenye kitufe kimoja: nunua sasa, dola 2,500. Jina la .com ambalo halina mwenyewe husajiliwa kwa dola kumi na kitu kwa mwaka, maana bei ya jumla ambayo Verisign, wanaoendesha .com, huwatoza wasajili (kampuni zinazouza usajili wa majina kwa watu) ilifika dola 10.26 Septemba 2024. Kwa hiyo karibu fedha yote anayodaiwa ni ya jina lenyewe, na anataka kujua kama linastahili.

Wengi wakifika hapo hukimbilia vipimo vya mtandaoni. Vinavyotajwa sana ni kile cha GoDaddy, Estibot na NameBio. Kwa mnunuzi wa jina la Kiswahili, vitatu hivi havikaribiani hata kidogo kwa manufaa.

Cha GoDaddy ndicho chepesi kuliko vyote. Unaandika jina, unasubiri sekunde chache, unapewa makadirio ya bei pamoja na orodha fupi ya majina yanayofanana nalo yaliyokwisha kuuzwa. Kwa jina la maneno mawili ya Kiingereza hukupa mahali pa kuanzia. Kwa Kiswahili kinayumba. Mashine hii imejifunza kutokana na mauzo yaliyopita, na sehemu kubwa ya mauzo hayo ni ya maneno ya Kiingereza. Neno "bandari" linaweza kukatwa likabaki "band", yaani kundi la muziki, na "samani" likasomeka kama jina la mtu anayeitwa Sam. Makadirio yakitoka dola 1,100, usiyashike kama ngao ya kumpiga nayo muuzaji, na yakitoka dola 3,000 usiyaogope. Kumbuka pia kwamba GoDaddy ndio wenye soko la Afternic, ambako majina mengi ya aina hii huuzwa. Hilo halina maana kwamba wanapandisha bei, lakini ukiwa sokoni ni vizuri kujua mizani ni ya nani. Kilicho na faida hapo ni ile orodha ya majina yaliyouzwa.

Estibot hutoa maelezo mengi zaidi: neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, watangazaji hulipa kiasi gani kwa kila mbofyo, na jina hilohilo limesajiliwa kwenye viambishi (miisho ya jina kama .com) vingapi vingine. Bei yake ina udhaifu uleule wa Kiswahili, iache. Soma hayo mengine. Jina likiwa limechukuliwa pia kwenye .net, .org, .co.tz na .co.ke, na wenyewe ni watu tofauti wanaoendesha tovuti za kweli, basi kuna ushindani na muuzaji ana sababu ya kukaza. Likiwa lipo kwenye .com pekee na kwingine kote ni wazi, ana mnunuzi mmoja tu aliyejitokeza, naye ni wewe.

NameBio haikadirii chochote, na ndiyo sababu inastahili kuaminiwa kuliko zile mbili. Ni daftari la mauzo yaliyokwisha kufanyika: jina, bei, tarehe na mahali lilipouzwa. Itumie hivi. Tafuta neno lako kwanza, "samani", likiwa mwanzoni mwa jina, kwenye .com. Rekodi za maneno ya Kiswahili ni chache, kwa hiyo tafuta pia mwenzake wa Kiingereza, "furniture", likiwa limeambatana na jina la mji, kwa miaka mitano ya karibuni. Panga kwa bei, kisha chukua ile ya katikati. Za juu kabisa zitakudanganya. Kujua kwamba Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019 hakumsaidii fundi wa Keko lolote.

Halafu angalia safu ya mahali. Jina lililouzwa kwenye minada kama GoDaddy Auctions au DropCatch mara nyingi limenunuliwa na mfanyabiashara wa majina, naye amelipa bei ya jumla ili aje aliuze. Lililouzwa kwenye soko la Sedo kwa bei aliyoitaja muuzaji limeelekea zaidi kwa mtumiaji wa mwisho, na hiyo ndiyo rejareja. Tofauti ya hizi mbili ni kubwa mno, jina lilelile likiwa dola 150 mnadani na 2,000 kwa mwenye biashara. Wewe ni mteja wa rejareja, usitegemee bei ya mnada, ila ijue, kwa sababu huenda ndiyo aliyolipa muuzaji wako. Kasoro za daftari hili ni mbili: mauzo ya chini ya dola 100 hayaingizwi, na mauzo mengi ya faragha hayatangazwi. Kwa .co.tz na .co.ke halina la maana la kukuonyesha.

Kitu ambacho hakuna mashine kati ya hizi inayokipima ni sikio, na kwa Kiswahili hapa ndipo thamani ya jina inapopatikana au kupotea. Mpigie mtu simu, mtamkie jina mara moja, mwambie aliandike. Neno "thamani" watu wengi hulitamka kwa s, na msikilizaji ataandika "samani". Mwenye duka la samani na mwenye kampuni ya kukadiria thamani ya majengo watakuwa wakipokea wateja wa mwenzake. "Dhahabu" huandikwa "zahabu", "ghala" huandikwa "gala", "bidhaa" hupoteza a moja, Kariakoo hupoteza o. Ziko sehemu ambako r na l hubadilishana, na "kalamu" ikawa "karamu". Jina lenye mtego wa namna hii ni lazima lipungue bei, kwa kuwa utalazimika kusajili na kosa lake na kulilipia kila mwaka. Jina lenye silabi wazi na lisilo na mtego, kama "soko", "duka" au "nyumba", ndilo la kulipia zaidi. Kwa kipimo hiki "samani" limefaulu nusu. Wanaolitafuta wataliandika sawasawa, ila litaokota na waliokuwa wakitafuta "thamani".

Sasa muuzaji. Bei yake haijatoka hewani, na ukijua hesabu yake utapatana naye vizuri zaidi. Wafanyabiashara wa majina huhesabu kwamba katika majina 100 huuzwa moja au mawili kwa mwaka. Majina 100 ya .com kwa takriban dola 11 kila moja ni dola 1,100 kwa mwaka za kuyahuisha, yaani kuyalipia tena yasipotee. Hilo moja linalouzwa lazima liwalipie wenzake 99, lilipe na kamisheni ya soko. Ndiyo maana bei za dola 2,000 hadi 3,000 ni za kawaida hata kwa jina la wastani. Ndiyo maana pia mtu huyo akipata dola 1,200 za uhakika leo hufikiria mara mbili kabla ya kukataa. Anza kwa theluthi ya bei aliyotaja, usimweleze biashara yako ni ipi, na usitumie barua pepe ya kampuni. Akijua mnunuzi ni benki, bei haitashuka.

Kabla ya kutoa ofa, chunguza historia. Ingiza jina kwenye lookup.icann.org uone lilisajiliwa lini na muda wake unaisha lini. Tangu 28 Januari 2025 taarifa hizi kwa .com na wenzake hutolewa rasmi kwa mfumo mpya wa RDAP badala ya ule wa zamani wa WHOIS, na jina la mwenyewe kwa kawaida limefichwa, usishangae. Kisha fungua Wayback Machine ya archive.org uone tovuti ilikuwa ya nini miaka iliyopita. Ikiwa iliwahi kuuza dawa bandia au kamari, pita Spamhaus, shirika linalofuatilia watumaji wa barua taka, uangalie kama limo kwenye orodha yao ya domeni mbaya. Jina lililochafuka litafanya barua pepe zako ziangukie kwenye taka, na mteja atadhani hujamjibu.

Muda ukikaribia kuisha, wengine hushauri kusubiri jina lidondoke. Kwa .com msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45 baada ya kuisha, zikafuata siku 30 za kukombolewa na 5 za kusubiri kufutwa. Lakini wasajili wengi hulinadi mapema kabla ya hapo, na likifika mwisho huko programu za kunasa majina hulichukua ndani ya sekunde. Kusubiri kunafaa ikiwa tu hutaumia ukilikosa.

Alama za biashara ni suala fupi: jina lenye M-Pesa ndani yake halina thamani hata shilingi, mashine iseme inavyosema. Kwa UDRP, utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya majina ya domeni ulioanza 1999, mwenye alama hulipa WIPO, shirika la dunia la haki miliki, dola 1,500 kwa shauri la mwamuzi mmoja na anaweza kulichukua jina bila kukulipa wewe chochote. Tafuta kwanza kwenye Global Brand Database ya WIPO, kisha BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, ambako alama husajiliwa.

Turudi Keko. Tuseme faida ya seti moja ya makochi ni shilingi 150,000, na dola moja tunaihesabu kwa shilingi 2,500. Bei inayotakiwa ni shilingi 6,250,000, yaani faida ya seti 42. Je, jina hilo kwenye .com litaleta wateja 42 ambao .co.tz ya jina lilelile, iliyo wazi na inayosajiliwa leo, isingewaleta? Kwa duka ambalo wateja wake hutoka Instagram, WhatsApp na barabarani, jibu ni hapana. Dola 700 au 800 ni bei ya kufikiria, 2,500 haifai. Kwa kampuni inayouza samani nchi tatu na kutangaza redioni kila siku, hesabu hiyohiyo inageuka na kuwa ndiyo bila taabu.

Tahadhari moja kwa anayetamani viambishi vipya badala yake: baadhi ya majina ya viambishi kama .shop yana bei maalum ambayo hujirudia kila mwaka wakati wa kuhuisha. Uliza bei mbili, ya mwaka wa kwanza na ya kuhuisha, kabla hujafurahi.

Mkikubaliana, pesa isiende moja kwa moja kwa muuzaji. Escrow.com hupokea fedha, humwambia muuzaji ahamishe jina, na humlipa baada ya wewe kuthibitisha kwamba limo kwenye akaunti yako. Andikianeni mapema nani analipa ada. Anwani ya tovuti ya Escrow iandike mwenyewe kwa mkono, usibofye kiungo alichokutumia, kwa sababu kurasa bandia za aina hiyo ni nyingi. Muuzaji atatakiwa afungue kufuli la uhamisho na akupe msimbo wa idhini. Ikiwa jina lilisajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita, kwa kawaida haliwezi kwenda kwa msajili mwingine. Fungua akaunti kwa msajili wake, lihamishwe humo humo kutoka akaunti yake kwenda yako. Ukilipa kwa awamu, jina hubaki mikononi mwa soko hadi awamu ya mwisho, na ukikwama katikati hupoteza jina na ulichokwisha kulipa.

Na kama wewe ndiye muuzaji, ukaandikiwa barua pepe na "mnunuzi" anayetaka kwanza cheti cha thamani kutoka tovuti fulani ya kulipia, usilipe. Mara nyingi tovuti hiyo ni yake, na ukishalipa hutamsikia tena.