Shangazi kaja kwa anayetumwa umisheni Ulaya: linafaa, ukijua pa kulishona

Wale sabini wa Luka 10 waliambiwa wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu. Mchungaji wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, anayetumwa leo kutoka Bukoba au Karagwe kwenda Ujerumani kupitia UEM (United Evangelical Mission), jumuiya ya umisheni yenye ofisi zake Wuppertal, mara nyingi anaruhusiwa na shirika la ndege kilo 23 kwa kipande kimoja cha mzigo, na siku ya ibada ya kuagwa washarika wanamletea vitu vya vipande vinne. Ndipo watu wanapokimbilia shangazi kaja, lile begi la miraba ya bluu na nyekundu linalouzwa kila soko.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi. Likiwa tupu halifiki kilo 1, wakati sanduku gumu la magurudumu la saizi kubwa linakula kilo 4 au 5 kabla hujaweka hata soksi. Doti moja ya kanga haifiki nusu kilo, kwa hiyo kwa kuacha sanduku nyumbani umepata nafasi ya doti nane za akina mama wa usharika. Sanduku la bati la bweni usilifikirie kabisa.

Ubovu wake uko kwenye mshono. Kitambaa chake ni nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa kama gunia la sukari, na penye mkato hufumuka. Zipu imeshonwa karibu mno na ukingo. Begi likijaa, zipu yenyewe haikatiki, bali inang'oka na kitambaa chake, ikianzia kona. Dukani ligeuze ndani nje, uvute kona ya zipu kwa vidole viwili. Matundu ya sindano yakipanuka, lirudishe. Kisha fuata mkanda wa mpini. Ulio mzuri unazunguka hadi chini ya kitako, na mbaya umeshikizwa ubavuni tu. Huo hautavuka Addis Ababa, unapobadili ndege. Lililoning'inia juani nje ya duka kwa miezi pia liache, kwa sababu jua huikausha plastiki hiyo ikawa inavunjika. Baada ya kununua, mpelekee fundi cherehani apige mshono wa pili wa uzi wa nailoni kuzunguka zipu yote, na kona nne azitie viraka vya jinzi. Bila hatua hii tathmini yangu ni alama 2 kati ya 5. Ukiifanya, 4.

Umbo nalo lina masharti. Mashirika mengi ya ndege hutaka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi la 70 kwa 50 kwa 30 ni 150, lakini likivimba kimo kikafika 40, tayari ni 160. Dawa yake ni boksi: chukua katoni imara inayoingia ndani kabisa, panga vitu humo, ndipo ufunge zipu. Linabaki na pande bapa. Hilo lina maana zaidi kwa anayeanzia safari Dubai, ambako tangu Machi 2017 uwanja haupokei mizigo ya duara wala isiyo na upande bapa. Juu yake funga mkanda wa begi wenye kifungo, kisha kitambaa cha kitenge kwenye mpini, maana kwenye mkanda wa mizigo utakuta mashangazi sita wamefanana.

Kabla ya kuiamini mizani ya kuning'iniza, ijaribu kwa ndoo ya lita 10 za maji: maji peke yake ni kilo 10, ongeza uzito wa ndoo. Lenga kilo 22, usilenge 23. Kipande kikizidi kilo 32, kaunta nyingi hazikipokei kama kipande kimoja hata ukilipa.

Sasa zawadi zenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoumia, kwani kuacha zawadi ya bibi mjane kunaonekana kama kuidharau. Samli, maziwa na nyama kavu haviingii Umoja wa Ulaya kwenye mzigo wa abiria kutoka huku. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Embe linataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havikitaki. Kinyago cha mpingo kinapita, lakini mpingo ni mzito hadi huzama majini, kwa hiyo kimoja tu.

Tenga daftari. Andika jina la mtoaji, alicholeta, na kilikokwenda: ‘samli, imepikiwa watoto wa kwaya'. Kisichosafiri gawa hapo hapo, aliyekileta akijua, na anayeandikiwa barua ya shukrani baadaye aambiwe ukweli wa zawadi yake. Daftari hilo pia ndilo orodha ya kuwaombea.

Vyeti vya kuzaliwa na ndoa, barua ya wito, dawa na pawabanki vikae kwenye mkoba unaoingia nao ndegeni. Pawabanki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Adapta ni lazima, kwani soketi ya Ujerumani ina matundu mawili ya duara, ingawa umeme ni volti 230 kama kwetu. Koti la baridi usibebe. Kilo 2 za koti la mtumba lisiloijua theluji ni bora ziwe kanga, na koti utalipata kule.

Likishatolewa vitu, shangazi kaja linakunjwa na kulala chini ya godoro hadi likizo.