Ndafu ya Krismasi Uchagani: uletewe, au mchomaji aje nyumbani?

Rafiki zako wakikualika Krismasi Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, iwe Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, nawe unatoka Nairobi, Kampala au Ulaya, usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai na kitenge cha mama mwenye nyumba vinatosha kabisa kwa mgeni mmoja. Mkiwa wanne au watano na mnaweza kuchangishana, zawadi inayokaa vizuri zaidi ni ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa na kichwa chake, akaletwa mezani na majani mabichi mdomoni. Wapo wanaomwita keki ya Kichaga. Wiki ya Krismasi huduma hii inauzwa kila kona ya Moshi, ila inauzwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo, na mgeni asiyejua huchukua ile iliyo rahisi kuagiza kwa simu.

Namna ya kwanza ni ndafu ya kuletewa. Unampigia mpishi wa kukodi, unatuma kianzio, na siku yenyewe mbuzi anafika kwa gari amefunikwa karatasi ya foili. Kwa ukumbi wa harusi haina shida. Kwa Krismasi ya nyumbani ina kasoro tatu, na ya kwanza wageni hawaifikirii kabisa: damu na utumbo vimebaki kwa mpishi. Uchagani mbuzi wa sikukuu hatoi nyama ya kuchoma tu, anatoa pia kisusio, ile supu ya utumbo iliyotiwa damu, na wazee huisubiri kuliko hata paja. Ukileta mbuzi aliyekwisha kuiva, sufuria ya kisusio haipo, na mama wa nyumba italazimu atafute mbuzi mwingine.

Kasoro ya pili ni foili. Nyama iliyotoka motoni ikafunikwa na kusafirishwa saa nzima hadi mlimani inajitokosa kwa mvuke wake. Nyama ya juu iliyokuwa kavu inalegea, na harufu ya moshi inageuka harufu ya nyama ya kuchemsha. Ya tatu ni haraka. Tarehe 24 na 25 mpishi mmoja ana oda nyingi, basi huchoma kwa moto mkali ili amalize. Mbavu zinakauka na paja linabaki na wekundu mfupani.

Namna ya pili ndiyo tunayoipendekeza bila kusita: ununue mbuzi hai, umkodi mchomaji aje kuchoma uani. Inakugharimu muda zaidi na mipango zaidi, lakini nyumba nzima inakuwa na shughuli moja tangu asubuhi.

Anza na mbuzi. Wa tambarare, wanaoletwa na wafugaji minadani, wana miguu mirefu na mafuta kidogo. Mbuzi wa kufungiwa bandani huko huko mlimani, aliyelishwa majani ya migomba, ni mnene, na huyo ndiye wa kuchoma mzima, kwa sababu mafuta yake yanamlinda asikauke. Chagua dume aliyehasiwa. Neno ndafu lenyewe maana yake ndiyo hiyo, mbuzi aliyehasiwa akanona. Beberu ambaye hakuhasiwa ana harufu ambayo tangawizi haiondoi. Mshike mgongoni juu ya kiuno: ukihisi mifupa imechongoka kama msumeno, mwache. Mbuzi wa kilo 28 akiwa hai atakupa kama kilo 13 za nyama na mifupa, na akishaiva zinabaki 9 hivi. Kukiwa na ndizi, wali na kisusio pembeni, hao ni watu 25 bila kunung'unika. Mnunue kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo watu wote waliotoka Dar es Salaam wameshafika, na bei hupanda kila siku.

Saa ya kuchinja ndiyo inayoharibu ndafu nyingi, na sababu yake ni rahisi. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache, na ukiiweka motoni wakati huo inakuwa ngumu hata uichome siku nzima. Mlimani, ambako usiku wa Desemba una ubaridi, chinja jioni ya tarehe 24, mtundike mahali penye upepo na pasipo nzi, asubuhi atakuwa ameanza kulegea. Moshi mjini usifanye hivyo. Joto la mchana huko linapita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha, kwa hiyo bila chumba cha baridi nyama itaanza kuharibika. Popote ulipo, usimfunike kwa plastiki angali na joto. Damu ikingwe kwenye bakuli lenye chumvi kidogo na ikorogwe pale pale kwa kijiti, la sivyo inaganda na kisusio kimekwisha kabla hakijaanza. Kama kati ya wageni yupo Mwislamu, achinje Mwislamu, na kisusio kiwe na sufuria yake na upawa wake.

Viungo visiwe vingi. Kwa kilo 13: chumvi gramu 200, tangawizi robo kilo, kitunguu saumu robo kilo, ndimu kumi, pilipili manga vijiko viwili na mafuta ya kula nusu lita. Paja na bega vichanjwe hadi karibu na mfupa, viungo viingie humo. Kupaka juu peke yake hakufiki ndani. Mafuta ya figo yaachwe mahali pake, yataulainisha mgongo kwa ndani.

Muulize mchomaji anatumia chuma gani. Nondo ya kawaida iliyosuguliwa inafaa. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai, kwa kuwa likipata moto mkali linatoa moshi wenye sumu. Uti wa mgongo ufungwe kwenye nondo kwa waya mweusi wa kufungia nondo, sehemu nne au tano. Ukifungwa miguuni tu, nyama ikiiva mbuzi anazunguka peke yake na upande mmoja unaungua. Kuni za mkahawa uliokatwa ni bora, zinatoa makaa makali na moshi kidogo. Makaa yawe mengi chini ya paja na bega, machache chini ya mbavu. Wachomaji wengi hutandaza makaa sawasawa, na hapo ndipo mbavu hukauka. Mbuzi aanze kama sentimita 70 juu ya makaa, baada ya saa mbili ashushwe hadi 40. Masikio na pua vifungwe foili mpaka nusu saa ya mwisho. Majani ya mdomoni yanawekwa wakati wa kupeleka mezani.

Jumla ni saa nne na nusu hadi tano. Ibada ikitoka saa sita na watu wanataka kula saa nane, moto uwashwe saa mbili asubuhi, na mchomaji awe amekubali mapema kwamba hatakwenda kanisani asubuhi hiyo. Jambo hili lisemwe wakati wa kupatana bei. Msemezane pia kama ngozi ni yake au ni ya nyumba. Kujua ameiva, choma kisu pajani hadi mfupani: maji yatoke meupe, na kifundo cha mguu kizunguke bila kulazimishwa. Kisha mwache dakika 20 bila kumkata.

Hapo kazi ya mgeni imekwisha. Usishike kisu. Uchagani kila sehemu ya mbuzi ina mwenyewe, na mzee wa nyumba ndiye anayejua kidari ni cha nani na mgongo ni wa nani. Mbege nayo, ile pombe ya ndizi na ulezi, usiiagize mtaani kwa ajili ya kuwafurahisha wenyeji: ndizi zake zilishachemshwa siku kadhaa kabla hujafika na ulezi umeshatiwa, na ukipewa kata, mwenyeji ataonja kwanza.

Mifupa ya shingo na kichwa isitupwe. Tarehe 26 asubuhi inaingia sufuriani na ndizi mshare, unapatikana mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wenye harufu ya moshi ambao sufuria ya siku nyingine haina.