Mafundi wangu wa sola ni kina mama

Kwa mambo ya sola huku shamba Unguja, sitafuti tena fundi wa mjini. Wapo kina mama waliosomea ufundi wa sola kwenye chuo cha Barefoot College pale Kinyasini, aghalabu watu wasiomaliza skuli, na wametoka mafundi kweli. Mtindo wenyewe wa kufundisha umeanzia Tilonia, India, kwenye chuo alichokianzisha Bunker Roy mwaka 1972: vifaa vya saketi wanavijua kwa rangi, maandishi si lazima.

Aliyekuja kwangu aliomba ngazi, akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Taa zilikuwa zinazimika hata isha haijafika, na dukani nimeshaambiwa ninunue betri mpya. Yeye akapima kwa mita, akafungua kisanduku cha chaji, akanionesha waya ulioliwa na chumvi. Akaukata, akaulehemu upya, kisha akapangusa paneli, ina vumbi hiyo, niliona haya.

“Betri yako nzima, mwanangu. Usitupe pesa.”

Malipo ya kijirani, na kazi yake akanieleza hatua kwa hatua, jambo ambalo mafundi wengi hawalipendi. Ila ukimtaka, usiende siku ya harusi. Humpati.