Helmeti za watoto sokoni Tabora: gamba linang'aa, ndani je?

Ukiulizia helmeti ya mtoto kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na vibanda vya mitumba hapa Tabora mjini, utaonyeshwa vitu vinne tofauti vyenye jina moja. Kimoja ni cha pikipiki kweli. Cha pili ni pambo. Cha tatu ni cha baiskeli. Cha nne, kinachochomoza mara chache kwenye marobota ya vifaa vya michezo, kilitengenezwa kwa mchezo ambao Tabora hauna hata kiwanja: hoki ya barafuni. Muuzaji naye usimlaumu sana. Amefungua robota, amekuta kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, akajua leo kaokota dhahabu.

Kwanza sheria, maana wengi huirukia bei. Kanuni za usafirishaji kwa pikipiki za mwaka 2010 zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Kwa hiyo tukisema helmeti ya pikipiki hapa tunamaanisha mtoto wa miaka 9 kwenda juu, ambaye miguu yake inafika kwenye vikanyagio. Mishikaki ya wanafunzi watatu asubuhi, hakuna helmeti inayoiponya.

Tuanze na pambo, kwa sababu ndilo lililojaa. Ni nusu kichwa, gamba jepesi la plastiki, katuni au nembo ya timu ubavuni, mkanda mwembamba na klipu ya plastiki. Ingiza kidole gumba ndani, sehemu ya utosini, ubonyeze. Kwenye helmeti ya kweli kidole hupita kitambaa, hupita sponji laini kidogo, kisha hugota kwenye povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo, lenye unene wa kama sentimita 2.5, ndilo helmeti yenyewe. Kichwa kikigonga, linapondeka, na katika kupondeka huko linameza nguvu ambayo ingeishia kwenye ubongo. Gamba la nje kazi yake ni kusambaza kishindo na kuteleza juu ya lami. Kwenye pambo kidole kinapita sponji na kugota kwenye plastiki moja kwa moja. Basi, hakuna zaidi. Kama bado una wasiwasi, omba mizani kwa muuza mchele wa jirani: helmeti ya pikipiki isiyofika gramu 500 haina kitu ndani. Ya mtoto iliyo kamili hucheza kwenye kilo 1 na ushee. Alama yetu kwa pambo ni sifuri, na hata ukipewa bure usimvalishe mtoto, maana dereva akiona kichwa kimefunikwa anaweza kuongeza mwendo.

Alama nazo zinachanganya watu. Stika ya DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) iliyobandikwa nyuma peke yake haithibitishi chochote. Stika huchapishwa popote. Alama halali ya Marekani, tangu 2013, huwa na jina la mtengenezaji, modeli, neno DOT, FMVSS No. 218 (namba ya kiwango chao cha helmeti za pikipiki) na neno CERTIFIED, vyote pamoja. Ya Ulaya ni rahisi zaidi kuikagua: tafuta kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, chenye herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha (E1 Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi), kisha namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Hiyo 05 ni toleo la ECE 22.05, kiwango cha helmeti za pikipiki, na 06 ni 22.06 lililoanza 2021 na kuongeza kipimo cha kishindo cha mshazari, kile kinachozungusha kichwa. Baada ya namba huja herufi: J ni uso wazi, P ni yenye kidevu kinacholinda, NP ni yenye kidevu cha urembo tu. Jihadhari na CE, alama ya jumla ya bidhaa za soko la Ulaya; namba ya EN inayoifuata ndiyo inayotaja kiwango. Helmeti yenye CE na EN 1078 ni ya baiskeli, EN 397 ni ya mafundi ujenzi, na EN 812 ni kofia ya kuzuia kujigonga kwenye bomba la stoo. Zote tatu ni halali kwa kazi zao, na zote tatu si za bodaboda.

Sasa ile ya kweli, ya pikipiki, saizi ya mtoto. Zipo, ila si kila duka, na muuzaji atakwambia chukua ya mkubwa kidogo "atakua nayo". Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, kwa sababu wanaipigia hesabu kama sare ya shule. Sare unanunua kubwa kwa kuwa mtoto hurefuka kila muhula. Kichwa hakiendi hivyo. Kati ya miaka 9 na 14 mzunguko wake huongezeka kama sentimita 2 tu. Helmeti inayomkaa vizuri leo itamkaa mwakani na mwaka unaofuata, sponji ikilegea kidogo huku kichwa kikijaza.

Pima kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kama sentimita 2 juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Watoto wengi wa umri huu huangukia 52 hadi 54. Saizi za watoto huandikwa YS, YM, YL (ndogo, ya kati, kubwa) au kwa sentimita. Amini sentimita, herufi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Chukua kichwa cha 52 ukivike helmeti ya mkubwa ya 60: tofauti ni sentimita 8 za mzunguko, yaani pengo la zaidi ya sentimita 1 kuzunguka kichwa chote. Pengo hilo kwenye ajali ni njia. Helmeti inazunguka, inarudi kisogoni, paji la uso linabaki wazi, nalo ndilo linalotangulia mbele mtoto anaporuka.

Usikubali kuzibiwa pengo kwa sponji la godoro. Sponji laini halimezi kishindo, na kadiri linavyokuwa nene ndivyo helmeti inavyopata nafasi ya kuzunguka. Kubadilisha pedi za mashavuni za mtengenezaji yuleyule ni sawa. Kukatakata godoro si sawa.

Ikishaingia kichwani, kabla ya kufunga mkanda, mwambie mtoto atikise kichwa kama anayekataa uji. Ngozi ya paji la uso ifuate helmeti. Ngozi ikibaki mahali pake huku helmeti ikizunguka, ni kubwa. Mashavu yabanwe mpaka aonekane ametafuna kitu, lakini asijing'ate. Kisha funga mkanda, upitishe vidole viwili tu kati yake na koo. Simama nyuma yake, shika ukingo wa chini kisogoni, usukume juu na mbele kwa nguvu ya kawaida. Hapa ndipo helmeti nyingi zinapofeli: kama inavuka nyusi na kuelekea kumtoka, irudishe hata kama imepita vipimo vyote vya nyuma. Mwisho mwache aivae dakika 10 palepale dukani. Akivua, alama nyekundu iliyosambaa ni kawaida. Alama moja kali ya mviringo katikati ya paji maana yake umbo halimfai, na saizi kubwa zaidi haitatibu. Jaribu aina nyingine.

Nywele zina neno lake. Wakati wa shule wengi wamenyoa, likizo ikifika wanasuka rasta, na mzunguko unaongezeka. Pima kwa kichwa kilichonyolewa, kisha hakikisha mafundo ya rasta yanalala kisogoni, chini ya ukingo, si utosini. Mtoto wa ushungi avae wa kitambaa kimoja chepesi, bila pini hata moja ndani ya helmeti. Kofia ya kiua ivuliwe, iwekwe mfukoni.

Mkanda bora ni wa pete mbili za chuma, ambao unapitishwa na kurudishwa. Unachosha kuufundisha, ila haufunguki wenyewe. Wa meno ya kubana unakubalika. Klipu ya plastiki kama ya begi la shule ipite mbali. Kuhusu kidevu: ukipata yenye P inayomkaa na isiyozidi uzito, ichukue. Ukilazimika kuchagua kati ya P inayocheza kichwani na J iliyomkaa sawasawa, chukua J bila kujiuliza, kwa sababu shingo ya mtoto ni nyembamba na helmeti nzito inayoning'inia huivuta kila dereva anapofunga breki. Hukumu yetu kwa aina hii: ndiyo pekee ya kununua kwa ajili ya bodaboda, na moja ya shilingi 60,000 yenye kitambaa cha E inashinda tatu za 15,000 ukizinunua zote.

Za baiskeli za mtumba ni nzuri kwa baiskeli, na Tabora ni mji wa baiskeli, kwa hiyo soko lake lipo. Gramu 250 hadi 300, matundu ya hewa yanayosaidia sana jua la Septemba na Oktoba. Kasoro ni mbili. Ya kwanza, hujui ilianguka mara ngapi kabla ya kupanda meli. Povu likishapondeka halirudi, na ufa unaweza kufichwa na kitambaa. Vua pedi zote, shika helmeti pande mbili, ibinye taratibu karibu na sikio: ikilia au mstari mweupe ukifunguka, imekwisha. Ya pili ni klipu ya kijani. Hiyo ni EN 1080, ya watoto wadogo, imetengenezwa ifunguke yenyewe ikivutwa kwa nguvu ili mtoto anayepanda mti au bembea asinyongwe na mkanda. Kwa mtoto anayecheza chini ya miembe ni akili nzuri. Nyuma ya bodaboda inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini.

Na ile ya hoki. Kwa jinsi inavyokaa kichwani, inazishinda zote. Gamba lake ni vipande viwili vinavyoteleza mbele na nyuma, vikikazwa kwa skrubu au kabari za pembeni, kwa hiyo moja humfuata mtoto kwa saizi kadhaa. Barafuni kwao inakaa upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, na kikombe cha wavu kinakigusa kidevu bila kukisukuma. Tatizo liko kwenye povu. Mchezaji wa hoki hugongwa mara nyingi katika mechi moja, hivyo ndani huwekwa povu la mpira linalobonyea na kurudi. Kiwango cha Marekani cha helmeti za hoki, ASTM F1045, huipima kwa kuiangusha toka kama mita 1, mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde. Ya pikipiki chini ya 22.05 hugongeshwa kwa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka toka karibu mita 2.9. Nguvu ya kishindo inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo tofauti hiyo ni karibu mara tatu. Povu la mpira likifika mwisho wa kubonyea linakuwa jiwe. Zaidi ya hapo, stika ya HECC, baraza linaloidhinisha vifaa vya hoki, iliyo kwenye helmeti hizo huisha miaka 6.5 baada ya kutengenezwa, na mkanda wake hufungwa kwa vifungo vya kubonyeza. Kama una ndugu Toronto mwenye mtoto, na tarehe haijapita, mpelekee.

Ukishanunua, usimpe fundi aipulizie rangi, na usiifute kwa petroli hata tone, kwa kuwa petroli huyeyusha povu jeupe mbele ya macho yako. Usiitundike kwenye saiti mira. Ncha ya kioo huchimba shimo kwenye povu, na shimo hilo ni mahali ambapo hakuna ulinzi. Vumbi la Tabora na jasho visafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea, pedi zianikwe kivulini. Kila mtoto na yake, au angalau kila mtoto na kitambaa chake cha ndani, maana mapunye na chawa hawana haja ya kulipa nauli. Ikigonga lami na kichwa kikiwa ndani, kata mkanda kwa kisu kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa, ikaoshwa na kurudi kibandani wiki ijayo.