TAHADHARI: Anayeuza "nasaba ya wafalme wa Wales" ni tapeli

Wadau mlioko Uingereza, hasa mliooa au kuolewa na watu wa Wales, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anajiita mtafiti wa nasaba. Unamtumia majina ya babu na bibi, naye baada ya muda mfupi anakuletea mti wa ukoo uliopanda hadi kwa Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa mwisho wa Wales huru. Bei paundi 280, na juu yake unapewa cheti chenye lakiri nyekundu na nembo ya simba wanne. Mama mkwe wangu kashalizwa. Cheti kinaning'inia sebuleni na watoto wake wanaogopa kumwambia.

Nimekisoma mstari kwa mstari. Vizazi vya karibu viko sawa, maana hivyo kavitoa kwenye sensa na vyeti vya kuzaliwa, ambavyo Wales vipo tangu 1837. Utapeli unaanzia karne ya 18. Mkulima wa Anglesey, John Jones, ghafla anafanywa mtoto wa bwana mwenye ardhi wa Merioneth, kaunti nyingine ya Wales, kisa naye aliitwa Jones. Hakuna rejesta ya parokia wala wosia unaowaunganisha. Na John Jones kule ni wengi kuliko Juma wa Kariakoo.

Juu zaidi ndiyo kichekesho. Kuna mtu wa mwaka 1350 anaitwa "Llywelyn Jones". Zama hizo mtu aliitwa kwa jina la baba, Rhys ap Hywel (yaani Rhys mwana wa Hywel), na mwanawe akawa Dafydd ap Rhys. Majina ya ukoo ya kudumu yalianza kushika kwa wakubwa karne ya 16, na vijijini yalichelewa sana.

Halafu huyo Llywelyn Jones kaandikwa mtoto wa Gwenllian, binti wa mtawala mwenyewe. Jamani! Gwenllian alizaliwa 1282, mama yake Eleanor de Montfort akafa kwa uzazi. Desemba mwaka huohuo baba yake akauawa karibu na Cilmeri. Mfalme Edward I wa Uingereza akaamuru kichanga kipelekwe kwa watawa wa Sempringham, Lincolnshire, na huko ndiko alikokaa mpaka kufa 1337. Hakuolewa, hakuzaa. Edward alifanya hivyo makusudi, kizazi kiishe: Dafydd, mdogo wa Llywelyn, alinyongwa Shrewsbury 1283 na wanawe wakafungwa ngome ya Bristol. Sasa huyu muuzaji kampa Gwenllian mume na mtoto kwa paundi 280.

Sisemi haiwezekani mtu wa kawaida kuwa na damu ya watawala hao. Llywelyn Fawr, babu yake Llywelyn ap Gruffudd, aliyefariki 1240, aliozesha mabinti zake kwa mabwana wakubwa wa mpakani mwa Wales na Uingereza, na vizazi vyao vimesambaa kweli. Ndiyo maana uongo huu unaingia akilini kirahisi. Lakini huyu anauza ushahidi, na ushahidi hana.

Kuna "kifurushi cha DNA" pia, cha kulipia zaidi. Kichwa cha Llywelyn kilipelekwa London kikatundikwa. Mate yako yatalinganishwa na ya nani? Na hiyo nembo, Uingereza nembo hupewa mtu na warithi wake, haipewi jina. Anayetaka kuhakikisha aulize College of Arms, ofisi rasmi ya nembo, London.

Anayependa kutafuta kwa haki, Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth imeweka mtandaoni wosia za kabla ya 1858, bure. Nasaba za kale alizokusanya Peter Bartrum nazo zinasomeka bure kupitia Chuo Kikuu cha Aberystwyth. Mtafiti yeyote ukimlipa, mwambie akuonyeshe karatasi zinazounganisha miaka ya 1700 na ya 1500, kiungo kwa kiungo. Huyu wetu alipoulizwa alijibu kwamba vyanzo vyake ni "siri ya kitaalamu", kisha akatublock.

Aliyelipa kwa kadi awahi benki adai kurudishiwa. Mama mkwe alituma moja kwa moja kwenye akaunti, bado tunahangaika. Jamaa kashabadilisha jina la ukurasa, sasa anauza ukoo wa Owain Glyndŵr, kiongozi wa Wales aliyeasi dhidi ya Waingereza, kwa paundi 350. Lakiri ni ileile.