Zulia la majani ndani ya tangi la samaki: nunua nini ili mizizi ishike

Unaamka asubuhi, unawasha taa ya tangi, unakuta nusu ya ulichopanda jana kinaelea, kimejikusanya kwenye kona ya filta kama mabaki ya mchicha kwenye karai. Unachopoa, unapanda tena, kesho yake yale yale. Mimi nilicheza mchezo huo wiki mbili mfululizo hapa Tabata, nikimlaani aliyeniuzia mimea. Kumbe mimea ilikuwa mizima. Kosa lilikuwa chini: kokoto za bluu zenye ukubwa wa maharage, ambazo duka moja la samaki wa mapambo lilinipa na maneno matamu, "Hizi weka tu, kaka, zinashika zenyewe."

Mimea ya zulia, yaani ile mifupi inayotambaa na kufunika sakafu ya tangi, ina mizizi myembamba kama uzi, na ikiwa bado changa ni mifupi mno. Siku za mwanzo haishikwi na mizizi. Inashikwa na uzito wa chembe zilizoizunguka, huku majani yenyewe, kwa kuwa yana hewa ndani, yanavuta kwenda juu mchana na usiku. Kwa hiyo unapoingia dukani, unatafuta kitu cha kulilaza shina kwa wiki mbili hivi bila kulinyonga, kisha kiiachie mizizi nafasi ya kupita. Hapo ndipo pesa iende kwanza. Taa ya bei na mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi ya kulishia mimea vitasubiri.

Kipimo kimoja ukiweke kichwani. Tangi la urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, ukilijaza sakafu ya sentimita 5, linakula lita 9. Chini ya sentimita 4 usijaribu, kibano kitagonga kioo kabla shina halijazama.

Nafasi ya kwanza: mchanga wa mto uliochekechwa

Najua kuna watakaonicheka, maana kwenye video za Wajapani hakuna anayepanda kwenye mchanga wa tofali. Lakini kwa mfuko wa mtu wa kawaida wa Dar, na kwa kazi hii ya kushika tu, sijaona kinachoushinda.

Unachotaka ni chembe za milimita 1 hadi 2, zenye kona kona. Zilizo laini kama unga hujibana, hewa haipiti, na baada ya miezi unaanza kuona madoa meusi nyuma ya kioo. Ukichokoa, harufu ya yai viza inakutoa sebuleni. Zilizo kubwa kuliko punje ya mahindi haziligusi shina hata kidogo, linasimama ndani ya tundu.

Nenda kwa wafyatua tofali wa mtaani kwenu. Mimi nilipoomba ndoo mbili tu, kijana aliacha koleo akaniangalia. "Mzee, ndoo mbili? Unajenga kibanda cha kuku?" Nilipomwambia ni za samaki, aliniongezea nusu ndoo bure ili nimweleze vizuri. Ndoo mbili za lita 20 si nyingi: ukichekecha, zaidi ya nusu inaondoka. Pitisha kwanza kwenye chekeche la mchele, kinachobaki juu mwaga. Kilichopita kipitishe kwenye chekeche la unga, safari hii ukichukue kinachobaki juu. Kisha osha kwenye beseni, ukikoroga kwa mkono, hadi maji yatoke meupe. Yangu yalitakata mara ya kumi na nne.

Kabla hujalipa, beba ndimu. Chota mchanga kiganjani, kamulia. Ukitoa mapovu, una vipande vya kombe au matumbawe, na chokaa hiyo itapandisha ugumu wa maji yako pole pole mpaka mimea idumae. Ndiyo maana mchanga wa ufukweni, hata uwe mweupe na mzuri namna gani, haupo kabisa kwenye orodha yangu. Wa bonde la Msimbazi nao nauacha, kwa sababu nyingine: mto ule unapokea maji taka ya nusu ya mji.

Udhaifu wake ni mmoja, hauna chakula. Nunua vidonge vya mbolea vya kuchomeka chini, vilivyotengenezwa kwa ajili ya tangi, na uchomeke kimoja kila baada ya sentimita 10 hivi. Urea na CAN za duka la pembejeo ziache shambani. Amonia yake itaua samaki kabla majani hayajaona faida.

Nafasi ya pili: udongo wa kiwandani

Huu ni udongo uliofinyangwa kuwa punje na kukaushwa kwa joto, ndio alioupa umaarufu Mjapani Takashi Amano wa Niigata, msanii wa matangi ya mimea, na kampuni yake ya ADA. Kwa kulisha mizizi hauna mpinzani. Unashusha pH, yaani unayapa maji asidi kidogo, unahifadhi virutubisho, na mzizi unapenya kwenye punje yenyewe.

Basi kwa nini si wa kwanza? Ni mwepesi. Punje zake ukizigusa zinakimbia, na shina changa linachomoka kirahisi kuliko kwenye mchanga. Ukiununua, dai ile aina ya punje ndogo, inayoitwa pauda, siyo ya kawaida. Wiki za mwanzo huachia amonia nyingi, kwa hiyo unabadilisha maji mara kwa mara na samaki hawaingii. Ukiuosha unageuka tope.

Halafu kuna maji yetu. Ukitumia ya DAWASA yanayotoka Ruvu, hali inavumilika, ukishayatoa klorini. Ila kama mnatumia kisima, na visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi na ugumu, uwezo wa udongo huo wa kulainisha maji unaisha mapema na umebaki na punje za bei mbaya. Mwenye kisima namwambia abaki na mchanga, chenji anunulie mimea mingi zaidi.

Nafasi ya tatu: wavu wa stenlesi

Huu ni wa mahali mchanga usipokaa: juu ya jiwe, kwenye mteremko, au kwa mwenye samaki wachimbaji. Unakata kipande, unatandaza vishada vya mimea, unavifunga kwa uzi wa pamba au mshipi mwembamba wa kuvulia, unazika kingo. Mizizi hupita kwenye matundu na baada ya miezi miwili huuoni wavu.

Tatizo ni kutapeliwa. Wavu wa kuku na nyavu nyingine za waya zilizopakwa zinki hung'aa vilevile dukani, na zinki ni sumu kwa kamba na konokono. Nenda na sumaku: waya wa kawaida huinasa papo hapo, stenlesi nzuri ya daraja la 304 kwa kawaida hainasi au hunasa kidogo sana. Kama huna uhakika, wavu wa plastiki wa dirishani unatosha, ila uubane kwa mawe maana wenyewe unaelea.

Nafasi ya nne: udongo wa bustani chini, mchanga juu

Sentimita 2 hadi 3 za udongo usiotiwa samadi wala mbolea, juu yake mchanga wa unene huo huo. Mizizi inafurahi. Ila siku ukikosea mstari na kuchomoa kishada kimoja, tope linapanda nacho na tangi linakuwa kikombe cha chai ya maziwa. Kwa mtu mwenye subira na asiyehamisha hamisha vitu, ni njia nzuri na rahisi. Mimi si mtu huyo.

Visivyofaa

Kokoto za rangi nimeshazisema. Supaglu ni kwa mimea ya kubandika kwenye gogo na jiwe. Shina la zulia ni laini, linaweza kuoza pale gundi ilipogusa. Chubwi za risasi zinazouzwa na vifaa vya uvuvi zinakaza shina mpaka linakatika, na risasi si kitu cha kuweka kwenye maji ya viumbe.

Mmea wenyewe ni nusu ya kushika

Januari na Februari maji ya tangi Dar yanafika nyuzi 30 bila hita yoyote, na mimea mingi ya zulia inapenda chini ya 26. Ile yenye majani madogo kuliko yote, Hemianthus "Cuba", ndiyo inayoelea haraka na kuyeyuka kwenye joto, nayo inahitaji gesi ya kaboni dayoksaidi. Anza na mmea uitwao Monte Carlo au majani ya unywele, Eleocharis, yanayotambaa kwa vikonyo na kujishona yenyewe. Sagittaria ndogo ni sugu zaidi, ingawa inarefuka na kuonekana kama nyasi za mpirani.

Ukipewa kikopo, usipande donge zima. Ligawe vipande vya ukubwa wa ukucha, uvizamishe mpaka zibaki ncha tu juu. Hapo unahitaji kibano kirefu chenye ncha iliyopinda, sentimita 25 kwenda juu; vya maduka ya vifaa vya hospitali vinafanya kazi sawa na vya maduka ya samaki. Sukuma, achia taratibu, chomoa ukikitikisa kidogo ili mchanga ufunge tundu.

Na kama huna haraka, usitie maji kwanza. Panda kwenye mchanga uliolowa, nyunyizia, funika tangi kwa nailoni, washa taa, fungua dakika chache kila siku. Baada ya wiki sita hivi mizizi imeshika kabla tone la maji halijaingia, na unyevu wa hewa yetu unasaidia. Mwanangu alikaa mwezi mzima akiuliza kwa nini baba anafuga udongo.

Golfishi na zulia havikai pamoja, chagua kimoja. Zulia likishashika nalo lina ujinga wake: likinenepa kupita sentimita 3, majani ya chini yanakosa mwanga, yanaoza, na mapovu ya oksijeni ya mchana yanalinyanyua kama mkeka. Langu nalikata kwa mkasi kila Jumamosi ya pili, na filta nazima kwanza. Siku niliyosahau kuizima, niliimaliza jioni nikichambua vipande kwenye sponji kama dagaa.