Tenisi kwa watoto wenye ulemavu hapa Lubumbashi: nilicholipia na nilichopata

Nianze na bei, maana ndiyo watu wananiuliza kwanza, hata kanisani kabla salamu hazijaisha. Ni dola 30 kwa mwezi, mara mbili kwa wiki: Jumatano alasiri na Jumamosi asubuhi. Raketi na mipira ni juu ya klabu. Ukitaka kulipa kwa faranga wanapokea, ila kwa kiwango cha siku ile. Kwa mtu wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, kama mimi hiyo si pesa ndogo, na ongeza teksibasi mbili za kwenda na mbili za kurudi. Lakini kikao kimoja tu cha kine, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kinanila dola 10, kwa hiyo nilipopiga hesabu niliona naweza kujaribu.

Mwanangu ana miaka 9 na ana trisomia 21, ile wengine wanaiita Down syndrome. Anayelea mtoto kama huyu anajua tayari: misuli yake ni laini, viungo vinalegea kupita kiasi, mshiko wa mkono ni dhaifu, anachoka upesi. Anashika alichokiona kuliko alichoambiwa. Mpira wa miguu tuliujaribu kwenye kiwanja cha mtaani, akawa anakimbia nyuma ya wenzake bila kuugusa, na siku akiugusa anasukumwa. Tenisi ina jambo moja ambalo sikulifikiria mpaka nilipokaa pembeni nikatazama: kuna wavu katikati. Hakuna wa kumpiga kumbo, na mpira lazima umrudie yeye. Zamu yake haiwezi kuibiwa.

Nilidhani siku ya kwanza watampa raketi. Hawakumpa. Kocha alileta puto, la sherehe ya kuzaliwa, akamwambia alipige kwa kiganja lisianguke. Puto linashuka polepole, jicho linapata nafasi ya kulifuata na mkono unapata nafasi ya kujipanga. Wiki zile za mwanzo nilinung'unika moyoni kwamba ninalipa dola kwa ajili ya maputo. Baada ya puto ukaja mfuko mdogo wa maharagwe, wa kurusha na kudaka, kisha mpira wa sponji, na hapo ndipo raketi ilipotoka: fupi na nyepesi, ya plastiki.

Sasa yuko kwenye mpira mwekundu. Hili nalieleza kidogo, kwa kuwa wazazi wengi wanakwenda sokoni kununua ule wa njano wakidhani mpira ni mpira. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, limepanga mipira ya watoto kwa rangi. Mwekundu unakwenda polepole kuliko wa njano kwa kiasi cha asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi tena kwa mpira wa njano. Kiwanja nacho kinakatwa: cha watu wazima kina urefu wa mita 23.77, cha mpira mwekundu ni kama mita 11, na wavu unashushwa. Yaani hatua hizi hazikubuniwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, ni za kila mtoto. Tofauti ni kwamba kocha huyu hana haraka ya kutoka rangi moja kwenda nyingine. Sisi tena tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka zaidi kidogo kuliko kule chini Matadi, mji wa bandari. Mpe mtoto wetu ule wa njano, utampita juu ya kichwa.

Kinachonifanya nilipe, kusema kweli, ni namna kocha anavyozungumza, au tuseme anavyonyamaza. Maneno yake ni matatu: angalia, simama, piga. Anaonyesha kwanza kwa mwili wake, halafu anangoja. Ile kungoja ndiyo kazi. Mtoto wangu akiambiwa kitu, kinachukua muda kuingia kabla hajatenda, na sisi wakubwa tunajaza ule muda kwa kurudia na kupaza sauti, hapo anaanza upya. Kocha hapazi. Nilipotaka kuingia kiwanjani nimshike mkono aliniambia, "Papa, umuache. Mupira iko inakuya, atauona." Akauona. Aliukosa pia, lakini aliukosa akiwa anautazama, na hiyo haikuwa ikitokea.

Chini wanaweka alama za rangi, vipande vya raba vilivyokatwa kwenye matairi na kupakwa rangi. Mguu hapa, mguu pale. Kila kipindi kinaanza kwa mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, na picha zake zimechorwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: kukimbia, kurusha, kupiga, kunywa maji, kuokota mipira. Kuokota mipira kumekuwa ndiyo anachokipenda zaidi, tuseme ukweli.

Watoto wengine nao nimejifunza kwao. Kuna kijana mmoja wa kiti cha magurudumu, ambaye sheria inamruhusu mpira udunde mara mbili, mdundo wa kwanza ndani ya kiwanja, wa pili hata nje ya mistari. Mchezo huu wa kiti ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na Brad Parks, na ulipofika 1992 kule Barcelona ukatoa medali kamili za Paralimpiki. Sheria ni rahisi, kiti ndicho kigumu. Kiti cha tenisi magurudumu yake yameinama, juu yamekaribiana na chini yametanuka, ili mtu akigeuka kwa kasi asipinduke. Kijana wetu ana kiti cha hospitali, magurudumu yamesimama wima, kwa hiyo mama yake anamfunga kiunoni kwa kikwembe na kocha anampigia mipira isiyomlazimisha kugeuka ghafla. Binti mwingine, mkono wake haukunjiki vizuri kwa sababu ya kupooza kwa ubongo, wanamfungia raketi mkononi kwa bendeji. Nikadhani ni ubunifu wa hapa Lubumbashi tu, kumbe hata mabingwa wa viti ambao mikono yao ni dhaifu wanafunga raketi vilevile.

Na kuna mtoto asiyeona. Huyo ndiye anayewavuta watu wasimame kwenye uzio. Tenisi ya wasioona ilitokea Japani, aliyeibuni ni Miyoshi Takei mwaka 1984, naye alikuwa haoni. Mpira ni wa sponji na ndani una kitu kinacholia. Mistari ina kamba chini ya utepe ili mguu uihisi. Asiyeona kabisa anaruhusiwa midundo mitatu. Mpira wa kweli wa namna hiyo hawana. Wamepasua ule wa sponji, wakatia njuga ndogo na kuushona. Unalia vizuri mpaka umeme ukatike na jirani awashe jenereta yake. Hapo somo la mtoto yule limekwisha, anakaa chini anangoja. Nimependekeza wahamishie kipindi chake upande wa pili wa kiwanja, mbali na ukuta ule. Bado wanafikiria.

Hapo naingia kwenye malalamiko, na ninayo.

Jumatano ni nzuri: watoto wachache, kocha na msaidizi wake. Jumamosi wanachanganya kila mtu, na kelele inapanda. Kuna msichana mwenye usonji ambaye mipira ikimwagwa kwenye ndoo ya bati anaziba masikio na kulia, na Jumamosi ndoo ile inamwagwa muda wote. Ndoo ya plastiki inauzwa soko lolote hapa mjini. Mama Mapasa, ambaye mmoja wa pacha wake anafundishwa nasi, aliwaletea ya kwake kutoka nyumbani. Wiki iliyofuata ya bati ilikuwa imerudi, ya plastiki wamechotea maji ya kumwagilia kiwanja.

Pili, saa. Wanabadilisha saa kwa ujumbe wa WhatsApp asubuhi ya siku ileile. Mtoto wa kawaida utamwambia "leo ni saa kumi badala ya saa tisa" na atanuna dakika tano. Wangu ameshavaa viatu tangu saa sita mchana na amekaa mlangoni na kofia. Huduma inayojitangaza kuwa ni ya watoto hawa ingepaswa kujua jambo hili kabla ya kujua chochote cha raketi.

Tatu, kocha akisafiri anakuja kijana mwingine kushika nafasi. Anacheza tenisi vizuri kumpita kocha, nafikiri, lakini anawafokea watoto kama wanajeshi. Siku hizo sasa naangalia ni nani yuko uwanjani kabla sijalipa teksibasi ya pili. Namtuma mtu aliye jirani na kiwanja anitazamie.

Choo kina ngazi tatu na hakina njia ya kiti. Nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu tangu Mei 2022, ila ngazi zile hazijaisoma. Baba wawili tunambeba kijana na kiti chake, tunamngoja, tunamshusha. Mvua tutaona itakavyokuwa. Kiwanja ni cha sementi na kina mashimo yanayoshika maji, na wanasema kuanzia Novemba watahamia chini ya paa la ghala, ambako kwa macho yangu nafasi inatosha puto na sponji, si zaidi.

Je, amebadilika? Kwanza niseme kisichobadilika: kine yake haijaachwa, na anayeuza tenisi kama dawa anakudanganya. Kocha mwenyewe halisemi hilo. Nilichokiona ni kwamba anajua kungoja zamu, jambo ambalo shuleni walikuwa wamekata tamaa nalo. Anahesabu midundo kwa sauti, moja, mbili, hata mezani akidondosha kijiko. Kurudishiana mpira na mwenzake kunafika mara tatu, nne, kisha mmoja anacheka na mpira unapita. Kuanzisha kwa kurusha mpira juu, bado kabisa. Sina haraka.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye trisomia 21, kabla hujalipa chochote mpeleke kwa daktari aangalie shingo. Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo haijakaza vizuri, na mtoto anayelalamika shingo, anayeanza kutembea vibaya au kupoteza nguvu mikononi hapaswi kupelekwa kiwanjani mpaka aonwe. Klabu haikuniuliza lolote kuhusu hili siku ya kuandikisha, nami nawapunguzia alama kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya choo. Masikio na macho pia, kwani asiyesikia vizuri ataonekana mkaidi na asiyeona vizuri ataonekana mvivu. Viatu viwe vya kubana kifundo, si sandali, na kofia, maana mwezi wa tisa na wa kumi jua letu halina huruma. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, mvalishe fulana mbili.

Kama mtoto wako anastahimili kelele, chukua siku zote mbili. Kama hastahimili, omba Jumatano peke yake. Hawaitangazi bei hiyo lakini ukiuliza wanakupa kwa dola 18. Mimi nimeshalipa hadi mwisho wa mwezi huu kwa siku zote mbili. Nimewaambia wagawe kundi la Jumamosi. Wasipoligawa, nitabaki na Jumatano, na ile dola 12 inayobaki iende kwenye kine.